Soketi Moja, Watu Sita

Haya wadau, wiki hii siasa naiweka pembeni. Naandika juu ya soketi. Ndiyo, soketi, ile ya ukutani yenye matundu matatu, ambayo ukikaa chumba cha wanafunzi hapa Keko utaijua kuliko unavyomjua mwenzako wa kitanda cha juu.

Naishi Keko mwaka wa nne sasa. Watu wengi wa Dar wanaijua Keko kwa mambo mawili: gereza na fanicha. Ukitaka kitanda, kabati au kochi, unakuja huku, unapatana na fundi pembeni ya barabara huku vumbi la mbao likikuingia puani. Lakini sisi tunaokaa hapa tunaijua kwa jambo la tatu: wanafunzi. Mwaka 2005 DUCE, yaani Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, kilianza pale Chang'ombe kwenye majengo ya kilichokuwa chuo cha ualimu. VETA iko hapo hapo jirani. Vitanda vya ndani ya chuo huwa haviwatoshi wote, na anayekosa anavuka barabara na kuingia mitaani kwetu: Keko Machungwa, Keko Magurumbasi, Keko Mwanga.

Nyumba ya kawaida ya vyumba sita, iliyojengwa kwa ajili ya baba, mama na watoto, inapigwa rangi, inaandikwa "Hosteli" getini, na mafundi wetu wanaleta vitanda vya dabodeka. Vitatu kwa kila chumba. Watu sita. Soketi inabaki ile ile moja, na ukutani linabandikwa tangazo. Nililinakili moja kama lilivyo: "NI MARUFUKU KUTUMIA HITA, JIKO LA UMEME, PASI, SUFURIA YA UMEME, SABUFA NA FRIJI. ATAKAYEKAMATWA ATAHAMA BILA KUREJESHEWA KODI."

Nilipolisoma nilijiuliza swali dogo tu la kiuandishi. Hivi vitu viliingiaje chumbani kwa mwanafunzi? Nani alianza na kipi, lini, na kwa nini? Nikaanza kuuliza watu. Nilidhani nitapata hadithi ya kuchekesha kuhusu vifaa vya umeme. Nimepata pia hadithi ya njaa.

ENZI ZA MJOMBA

Nilianza na mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye aliingia Mlimani mwaka 1977. Wakati huo huwezi kutoka kidato cha sita ukaenda chuo kikuu moja kwa moja. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kwanza ufanye kazi, ndipo upendekezwe. Kwa hiyo mjomba alifika chuoni akiwa mtu mzima mwenye masharubu, akiba kidogo na redio.

Redio hiyo ni National. Hapa msomaji naomba tusimame kidogo, maana redio za National zina uhusiano na mitaa yetu. Kampuni ya Matsushita ya Japani ilianzisha kiwanda chake Dar es Salaam mwaka 1966, kwenye Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere, hiyo hiyo inayopita kwenye mlango wa Keko. Walitengeneza betri na redio. Watu wengi wa umri wa mjomba walisikiliza taarifa ya habari ya RTD na mpira wa Simba na Yanga kwa betri za hapo.

Nilimuuliza mjomba chumbani kwao kulikuwa na nini kingine cha umeme. Akafikiri muda mrefu. Taa ya darini. Taa ya mezani. Redio yake, ambayo hata hivyo ilikula betri. Basi. Pasi ilikuwa ya kuazimana, mmoja anayo ghorofa nzima inamjua.

"Na televisheni je, mjomba?"

Akacheka. Televisheni gani? Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, tena ya rangi, na mjomba anasema mwenzake wa chumbani aliyetoka Unguja hakuwaacha wasahau. Kila mjadala wa maendeleo uliishia kwa huyo bwana kuwauliza wabara, "Nyinyi mmeshaona picha inayotembea?"

Kompyuta ndiyo usiulize kabisa. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Leo linachekesha, lakini wakati ule lilikuwa na hoja zake: fedha za kigeni zilikuwa chache, na mashine zenyewe zilikuwa ghali na zilihitaji wataalamu ambao hatukuwa nao. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa miaka mingi baadaye. Mjomba alimaliza shahada yake bila kugusa kompyuta. Utafiti wake aliuandika kwa mkono, akampa mchapaji wa taipureta, akamlipa kwa ukurasa.

Kisha nikamuuliza lile lililonileta. "Mjomba, mlikuwa mnapika wapi?"

"Kupika?" Alinitazama kama nimemtukana. "Wewe mtoto wewe. Sisi tulikuwa tunapikiwa."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Chuo kilianza mwaka 1961 pale mtaa wa Lumumba kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria, kisha mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Mabweni yake ya mwanzo yalijengwa kwa ajili ya mtu anayelala na kusoma chumbani, halafu anashuka kula bwaloni. Asubuhi chai, mchana wali, usiku ugali, vyote kwa gharama ya serikali. Mtu wa namna hiyo anahitaji soketi ya nini? Ya taa ya mezani. Walioweka soketi moja ukutani hawakuwa wajinga, walikuwa wamepiga hesabu sahihi ya maisha ya wakati wao.

JIKO LILIINGIAJE?

Watu wengi ukiwauliza kwa nini wanafunzi wanapika chumbani watakwambia ni teknolojia: vifaa vya Kichina vimekuwa rahisi, Kariakoo imejaa. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilileta sera ya kuchangia gharama za elimu ya juu. Taratibu, kitu baada ya kitu, mwanafunzi na mzazi wake wakaanza kulipia kile ambacho serikali ilikuwa inalipa. Huduma ya chakula vyuoni ikaenda kwa watu binafsi. Mwanafunzi akawa anapewa hela mkononi, ile tunayoiita bumu, ajitafutie. Baadaye ikaja Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na bumu likawa mkopo.

Sasa piga picha. Bumu limechelewa wiki tatu. Sahani ya wali maharage inauzwa bei ile ile, ulipewa hela au hukupewa. Kilo ya mchele sokoni ukigawana na wenzako wanne inawavusha siku nzima. Mwenye akili timamu atafanya nini? Atatafuta jiko.

Hivyo jiko liliingia chumbani kwa sababu bwalo lilikuwa limetoka. Hili ndilo jambo ambalo sijaliona kwenye tangazo lolote la marufuku.

Dada yangu mkubwa alisoma kati ya 2003 na 2006, na yeye ndiye shahidi wangu wa kipindi hicho. Kwanza lilikuwepo jiko la mchina, lile la mafuta ya taa lenye tambi nyingi. Lilinukia hadi nguo za darasani, na wodeni alilifuata kwa pua tu. Ndipo watu wakahamia kwenye hita, ule waya uliojikunja kama chemchemi ambao unautumbukiza kwenye ndoo. Hita haina harufu, haina moshi, inaingia kwenye kiatu. Dada anasema chumbani kwao ilikaa ndani ya buti la mvua miaka mitatu na haikukamatwa. Hita ilichemsha maji ya kuoga, chai, mayai, na siku moja tambi. Usiniulize tambi zilipikwaje kwa hita. Nimeuliza, na jibu nililopata haliandikiki.

Simu nayo iliingia enzi zake. Mobitel walianza mwaka 1994, lakini simu zao za mwanzo zilikuwa za mabosi. Vodacom walikuja 2000, Celtel 2001, na ushindani ukaishusha simu hadi kwa mwanafunzi. Kabla ya hapo mzazi akitaka kukuona anaandika barua, au anapiga simu ya ofisini na kuacha ujumbe kwa mlinzi ambaye anaweza kukumbuka au asikumbuke. Sasa ikawa unabipu. Bipu moja maana yake nimefika salama, bipu mbili maana yake nitumie hela. Chumba kizima kinaweza kuwa na simu mbili na chaja moja. Soketi ikapata mteja wa kwanza wa kudumu.

Halafu siku moja mwenzao mmoja, ambaye baba yake alikuwa bandarini, akaja na kompyuta ya mezani. Kioo chake kilikuwa kinene kama friji ndogo. Dada anasema kuanzia siku hiyo chumba kile hakikulala. Mchana watu walichapa kazi zao, usiku kikawa kibanda umiza: filamu za Kinijeria, CD za kuchoma, Bongo Fleva. Watu ishirini kwenye vitanda vinne. Mwaka 2006 ukame ulipokausha mabwawa na mgao wa umeme ukawa mkali, kompyuta ile ilizimika mara nyingi katikati ya filamu. Dada hadi leo kuna filamu tatu hajui ziliishaje.

ENZI ZETU

Mimi niliingia chuo mwaka 2016. Sitakitaja, maana nina jambo la kulalamika na sitaki waanze kunitafuta.

Kati ya dada na mimi kulipita miaka kumi tu, lakini ni kama karne. Mwaka 2009 mkonge wa SEACOM uliwasili Dar kupitia baharini na intaneti ikaanza kuongezeka kasi na kupungua bei. Mwaka 2008 M-Pesa ilikuwa imeanza, kwa hiyo zile bipu mbili za "nitumie hela" zikapata jibu ndani ya dakika moja. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya televisheni ya analojia ilizimwa Dar, ikabidi kila televisheni iwe na king'amuzi. Kwetu king'amuzi cha chumba cha televisheni kiliharibika, hakuna aliyekitengeneza, na wala hakuna aliyelalamika, kwa sababu kila mtu alikuwa na kioo chake mfukoni.

Nimelifikiria sana hili. Enzi za mjomba redio moja ilikusanya ghorofa. Enzi za dada kompyuta moja ilikusanya watu ishirini. Enzi zetu tulikuwa wanne chumbani, kila mmoja kalala ubavu anatazama ukuta, na waya umetoka kwenye simu yake umekwenda kwenye ekstensheni moja katikati ya sakafu, kama watoto wa nguruwe kwa mama yao. Chumba cha televisheni kikageuzwa stoo.

Na stoo hiyo ndiyo iliyohifadhi mali zilizokamatwa. Hapa ndipo lilipo lalamiko langu. Kila mwezi wodeni na walinzi walipita vyumbani usiku. Mwenzangu alinyang'anywa sufuria ya umeme aliyoinunua kwa bumu la kwanza. Hakuandikiwa hata karatasi. Tulipomaliza chuo alikwenda kuidai, akaonyeshwa rundo la pasi, majiko, sabufa na hita limefika dirishani, akaambiwa achague inayofanana na yake. Hakuiona. Miaka mitatu yote alikuwa anakula mara moja kwa siku mwisho wa mwezi, na si kwa sababu alikuwa anafunga.

HESABU YA FUNDI

Sasa turudi Keko. Nisionekane nawatetea wanafunzi tu, nilimtafuta fundi umeme mmoja wa mtaani kwetu ambaye amefunga nyaya kwenye nyumba nyingi za hapa. Nilimwomba anieleze kama anavyomweleza mtoto.

"Mwandishi, soketi ni kama bomba la maji," akasema. "Lina kipimo chake."

Soketi zetu ni za ampea 13. Kwa umeme wa volti 230, hiyo ni karibu wati 3,000 na si zaidi. Chaja ya simu inakula wati kumi au ishirini. Laptopu ni kama 65. Sabufa ya mwanafunzi haifiki mia. Ukiweka simu sita, laptopu nne na sabufa, soketi haitoki hata jasho. Kumbe hivyo vyote tunavyovilalamikia kwa kelele na uvivu si hatari kwa nyaya.

Hatari iko kwenye kitu chochote kinachozalisha joto. Hita ya ndoo ni wati 1,000 hadi 1,500. Pasi ni 1,000 na zaidi. Birika la umeme linaweza kufika 2,000. Weka hita mbili na pasi moja kwenye ekstensheni ya elfu tano, umeshapita kipimo. Fundi alinionyesha ekstensheni moja aliyoichana: waya wa ndani mwembamba kama uzi wa viatu. Waya huo ukibebeshwa mzigo unapata joto, ngozi yake ya plastiki inalainika, nyaya zinagusana. Soketi ya ukutani inaweza kuwa nzima kabisa na moto ukaanzia sakafuni.

"Na ukimkataza mwanafunzi?" nikamuuliza.

"Ukimkataza anaficha. Akificha anaweka chini ya kitanda, jirani na godoro. Akisikia mlango anarushia nguo juu yake bila kuchomoa."

Niliposikia hivyo sikucheka tena. Nchi hii tumeshazika watoto waliokufa usingizini. Juni 1994 moto wa bweni la Shule ya Sekondari Shauritanga, Rombo, uliua wasichana zaidi ya 40. Agosti 2009 bweni la Idodi, Iringa, liliungua, wakafa wasichana 12, na kilichotajwa kuwa chanzo ni mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa anajisomea usiku. Zile ni shule, na pale haikuwa hita. Lakini tazama jinsi mambo yanavyofanana: mtu ana hitaji la kweli, mahali hapakuandaliwa kwa hitaji hilo, anajitafutia njia yake gizani.

Halafu tazama nyumba zetu za Keko. Madirisha yana nondo kwa sababu ya wezi. Mlango wa kutokea ni mmoja. Geti linafungwa saa nne usiku na ufunguo anao baba mwenye nyumba, ambaye mara nyingine hakai hapo. Njia za ndani ni nyembamba hata bajaji zinapishana kwa kuombana. Ukipiga 114 zimamoto wataitika, lakini gari lao litapita wapi?

MITA MOJA

Kuna jambo jingine ambalo nimelijua kwa kuishi hapa tu. Nyumba nyingi za hosteli zina mita moja ya LUKU. Wanafunzi wanachangishana kila wiki, na hakuna ugomvi unaozidi huo. Mwenye laptopu anamwangalia mwenye hita. Mwenye hita anamwangalia mwenye feni. Umeme ukikatika saa saba usiku, anayetoka kitandani kwenda kununua uniti kwa simu ndiye mjinga wa siku hiyo.

Lakini hasara kubwa zaidi haionekani. TANESCO ina kundi la watumiaji wadogo wa majumbani, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao wanauziwa umeme kwa bei nafuu kuliko wengine. Mwanafunzi mmoja mwenye simu na laptopu hafiki huko hata kidogo. Ila wanafunzi thelathini na sita kwenye mita moja wanaonekana kama mtu mmoja mwenye matumizi makubwa. Kwa hiyo kila mmoja wao analipia uniti yake kwa bei ile ile ya nyumba yenye viyoyozi na friji mbili. Unafuu uliowekwa kwa ajili ya mnyonge unamruka mnyonge, kwa sababu tu wanyonge wamelala pamoja.

SERIKALI INASEMA PIKA, TANGAZO LINASEMA USIPIKE

Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia. Lengo ni kwamba ifikapo mwaka 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi: gesi, umeme na kadhalika, badala ya kuni na mkaa. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilishatakiwa ziachane na kuni na mkaa. Viongozi wamesimama majukwaani na majiko ya umeme ya presha, wakatueleza kwamba maharage yanaiva kwa uniti chache kuliko unavyodhani. Na ni kweli. Jiko la presha lina joto lililofungiwa, likifika kiwango linajikata lenyewe. Ni salama mara nyingi kuliko hita iliyo uchi ndani ya ndoo.

Sasa niambie, nani angekuwa wa kwanza kulitumia jiko hilo? Kijana msomi, anayekaa mjini, mwenye umeme, asiye na nafasi ya kuweka mkaa. Ndiye huyo huyo aliyebandikiwa tangazo. Kwa hiyo anabaki na hita, kwa kuwa hita inaingia kwenye kiatu na jiko la presha haliingii. Marufuku imemnyima kifaa salama na kumwachia cha hatari.

Nisieleweke vibaya. Simwambii mwenye nyumba aache watu sita wapike kwenye soketi moja. Fundi ameshatuonyesha kitakachotokea. Ninachosema ni kwamba swali "turuhusu au tukataze?" lina majibu mawili tu na yote ni mabaya. Swali zuri ni hili: wapike wapi?

Na jibu lake nimeliona kwa macho, tena hapa hapa Keko Magurumbasi. Kuna mama mwenye nyumba mmoja ambaye hakwenda semina yoyote. Alichoka kugombana. Alichukua ukumbi mdogo wa nyuma uliokuwa na mitumba yake, akamwita fundi, akavuta waya mnene kutoka kwenye mita hadi pale, akaweka soketi nne kwenye kaunta ya zege, na swichi ya kukata umeme inayojizima mzigo ukizidi. Akaweka mita ndogo ya kuhesabu uniti za jiko peke yake. Mlango wa ukumbi unafungukia uani. Vyumbani kukabaki simu, laptopu na feni.

Nilimuuliza kama wanafunzi bado wanaficha hita. "Wafiche za nini mwanangu?" akasema. "Wanapika kwa zamu, wanapiga na soga. Mimi mwenyewe jioni nakwenda kuonja."

Hili la soga lilinigusa. Nimesema hapo juu kwamba redio ya mjomba na kompyuta ya kwao dada zilikusanya watu, na simu zetu zikatutawanya kila mtu na ukuta wake. Pale kwenye kaunta ya zege niliona vijana wa vyumba vitatu tofauti wakigombania kitunguu. Simu walikuwa nazo. Walikuwa wameziacha zinachaji chumbani.

Hosteli nyingine zinaendelea kujengwa, kubwa kwa ndogo. Mwaka 2017 Mlimani walipata majengo 20 ya kuchukua wanafunzi 3,840, na ilikuwa jambo la kujivunia. Kila hosteli ikizinduliwa tunatangaziwa idadi ya vitanda. Mimi ningependa siku moja waziri akikata utepe atangaze pia idadi ya soketi, unene wa nyaya, na mahali jiko lilipo. Na wenye nyumba wetu wa Keko, kabla ya kumwita fundi wa dabodeka ya tatu, wamwite kwanza fundi umeme. Fundi umeme ni bei ndogo kuliko kitanda, nimeuliza.

Sasa zamu yenu. Ulisoma wapi, mwaka gani, na chumbani kwenu kulikuwa na soketi ngapi kwa watu wangapi? Na kama kuna anayejua tambi zinapikwaje kwa hita, tafadhali asinieleze.